Mungu Anajua Tunamzungumzia Nani

Kasisi hakuwapenda watu wake, na heri tuliseme hili mapema tusipotezeane muda. Aliwabatiza, aliwaozesha, aliwazika, aliwaombea wakati wa mitihani na wakati wa upasuaji, lakini kuwapenda, hilo hapana. Siku ya Jumapili aliwanyooshea mikono kwa upole ambao mgeni angeutolea machozi, na huku kichwani anasema: mtazame huyu naye, kaja nyumbani kwa Bwana na soksi za rangi mbili.

Asubuhi zake zilimchosha kabla hazijaanza. Sala ya asubuhi aliisoma mbele ya bibi mmoja tu, ambaye alisinzia tangu zaburi na kuzinduka kwenye Amina ili aseme, "Umetulisha vizuri, Baba." Akirudi nyumbani, baraza limeshajaa. Huyu anataka pikipiki yake mpya iombewe isiibiwe. Yule ameota ndoto na anataka afasiriwe, na ndoto yenyewe ina nyoka, maana ndoto za watu hawa hazikosi nyoka. Wachumba wamekuja kwa mafundisho ya ndoa, wameshikana mikono, na ukiwauliza ndoa ni kitu gani wanachekeana. Mwenyekiti wa kwaya anadai sare mpya, kana kwamba sauti zao zingekaa sawa wakibadilisha nguo. Kasisi aliwasikiliza wote ameinamisha kichwa upande mmoja, pozi alilolipata chuoni, nao wakaenda zao wakisema Mchungaji wetu ana moyo wa kusikiliza. Mchana alikwenda hospitali na kichupa chake cha mafuta, akapita kitanda kwa kitanda akipaka vipaji vya nyuso kama karani anayegonga mihuri. Kuna mgonjwa alimwomba akae kidogo. Kasisi akamwambia Bwana yu pamoja nawe, maana yake mimi siwezi kuwa.

Lakini mahali alipowadharau hasa ni kwenye reli ya madhabahu. Ilikuwa reli ya mbao nyekundu, imesimama kati ya madhabahu na watu, na ukingo wake wa juu ni mpana, laini kana kwamba umelambwa. Wakati wa Ushirika Mtakatifu watu walikuja kupiga magoti upande wa nje, wamekinga viganja, na yeye akapita upande wa ndani, kwanza na sahani ya mkate, kisha na kikombe cha divai. Kutoka pale juu aliwaona vizuri. Aliona upara uliofichwa kwa nywele za pembeni. Aliona mba, wigi zilizokaa kombo, kola zilizogeuzwa ndani nje. Na viganja vyao! Kimoja kina grisi, kingine kinanuka vitunguu, kingine kina namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu. "Mwili wa Bwana," alisema kwa sauti ya upole, na moyoni akaongeza: na sabuni je, huko kwenu haiuzwi?

Reli ile ilitengenezwa na seremala mmoja mzee wa palepale mtaani, mtu wa maneno machache aliyeitwa na kila mtu Fundi. Aliichonga kwa mkono wake tangu enzi za kasisi aliyetangulia. Kasisi wetu aliikuta, akaizoea, na hakuwahi kupiga magoti upande wa pili, kwa sababu upande wa pili ulikuwa wa wenye mba.

Ndoto yake ilikuwa kanisa kuu la mjini. Kule kulikuwa na kinanda chenye mabomba, madirisha ya vioo vya rangi, na waumini wanaosoma magazeti. Kasisi wa kule alikuwa anastaafu, na minong'ono ilisema jina la kasisi wetu limetajwa mezani kwa askofu. Tangu aliposikia hivyo, aliishi kama abiria aliyekwisha kufunga mizigo. Mwili ulikuwa hapa, lakini macho yalikuwa barabarani.

Ndipo Fundi akafa.

Sasa, ujue kwamba hotuba ya mazishi kasisi alikuwa nayo moja tu. Aliiandika zamani, machozi yamewekwa mahali pake na matumaini mahali pake, na pale penye jina na sifa za marehemu alibandika kikaratasi kwa pini. Mtu akifa, kikaratasi kinabadilishwa na hotuba inabaki. Na ilikuwa hotuba nzuri, tusimnyime haki yake. Watu walilia palepale kila mara, hata waliokwisha kuisikia.

Siku ya kumzika Fundi, wakati kasisi anavaa, simu ikaita kutoka ofisi ya askofu. Waliongea habari za kanisa kuu. Alipoikata, alikuwa juu mawinguni, akabeba hotuba, akaenda makaburini na kikaratasi cha marehemu aliyetangulia kikiwa bado kwenye pini. Na marehemu aliyetangulia alikuwa muuza nyama.

Kwa hiyo pale kaburini, mbele ya jeneza ambalo Fundi alijichongea mwenyewe, kasisi akalitaja jina la muuza nyama. Watu wakatazamana. Akalitaja tena, kisha akainua mkono na kusema kwa uchungu, "Ndugu yetu huyu, mizani yake haikumpunja mtu." Mjane wa muuza nyama, aliyekuja tu kumsindikiza mwenzake, akaangua kilio upya, wafiwa wakawa wawili. Mjane wa Fundi, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasogea hadi karibu na joho la kasisi.

"Baba Mchungaji," alisema polepole, "siye huyo. Mume wangu ni seremala."

Mtu mwingine angeona aibu. Hata mwizi wa kuku angeona. Kasisi alitazama saa yake, akatazama kikaratasi, akaona kwamba kukibandua na kutafuta kingine mfukoni ni kazi. Akatabasamu, lile tabasamu la kumwonea huruma mtu asiyeelewa mambo.

"Mama," akasema, "Mungu anajua tunamzungumzia nani."

Akaendelea na mizani mpaka mwisho.

Watu walidhani atakwenda kuomba radhi kesho yake. Hakwenda. Wakadhani wiki ile. Hakwenda. Kwake jambo lenyewe lilikuwa dogo mno. Marehemu ni marehemu, jina atalifanyia nini? Baadhi ya wazee walimgusia kwa mbali, akawaitikia "Eeh, eeh," huku akitafuta funguo za gari.

Halafu akajitegea mtego mwenyewe, na kwa mdomo wake mwenyewe. Jumapili moja, kina mama wawili wa kwaya waliogombana juu ya nani aanzishe wimbo walikuja kwenye reli, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Kasisi alikuwa ameamka vibaya. Akaishika sahani kifuani, asiwape.

"Nyie wawili, rudini mkakae," akasema kanisa zima likisikia. "Hapa si sokoni. Mwenye neno na mwenzake asije kwenye meza hii. Mkapatane kwanza. Sitaki kumwona mtu hapa na kinyongo chake, na hili nalisema kwa wote, kuanzia leo."

Wale mama wakarudi vitini uso chini. Baada ya ibada, mzee wa kanisa, mstaafu wa posta mwenye sauti ya kukwaruza ambaye kazi yake ilikuwa kupanga watu waende mezani safu kwa safu, akamfuata kasisi kwenye chumba cha mavazi.

"Mchungaji, lile neno lako la leo ni zito. Mtu akiwa na neno na jirani yake, tumeelewa. Na kama ana neno na mchungaji?"

Kasisi alikuwa anavua joho. Akacheka kupitia kwenye nguo.

"Basi naye akae kitini, mzee wangu. Mimi nitapumzika, na divai haitaisha."

Mzee wa kanisa hakucheka. Alisema, "Nitawaambia," akafunga mlango taratibu.

Wiki ileile habari ikaja kwamba arkidikoni atatembelea parishi Jumapili inayofuata. Kila mtu alijua anakuja kufanya nini. Arkidikoni ndiye jicho la askofu. Anakaa, anatazama ibada, anakwenda kusema huyu anafaa au huyu abaki alipo. Kasisi alifurahi mpaka akamsalimia mfagiaji. Aliagiza sakafu isuguliwe, mishumaa iwe mipya, na yule bibi wa kusinzia aketishwe nyuma ya nguzo.

Jumamosi, mkewe alikuwa anapiga pasi kanzu yake nyeupe sebuleni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyejua mtaa mzima, nani mgonjwa na nani kajifungua, na ambaye kwa miaka yote alimfunika mumewe kama mtu anavyofunika sufuria lililoungua. Kasisi alikuwa kwenye kochi, anajisomea hotuba yake ya kesho. Ilikuwa juu ya upendo.

"Baba watoto," mkewe akasema, "nenda kwa mjane wa Fundi. Leo."

"Jumapili ipite kwanza."

"Jumapili ikipita utakuwa umeshahama. Nenda sasa hivi, ni hapo tu. Mwambie nisamehe, nilikosea. Maneno mawili."

"Nimwambie nini yule? Hata nikimwambia hataelewa. Watu hawa unawajua, ukiomba radhi mara moja wanakupanda kichwani."

Mkewe akaisimamisha pasi.

"Watu hawa," akarudia. "Ulisema mwenye neno asije mezani. Basi na mimi nina neno."

"Wewe? Neno gani na nani?"

"Na wewe. Hilohilo. Nilikuwepo pale kaburini, nilitamani ardhi inimeze."

Kasisi akamtazama kama anavyomwangalia mtu wa nyoka na ndoto. Akageuza ukurasa.

"Haya, kaa kitini. Magoti yako yatapumzika."

Mkewe akamaliza kanzu, akaitundika vizuri bila kusema neno lingine. Angejua kuusoma ule ukimya wake, kasisi angevaa viatu na kukimbia. Lakini alikuwa hajui kusoma watu, alijua tu kuwasomea.

Jumapili kanisa lilifurika. Walikuja hata wale wa Krismasi, hata wenye kusimama nje ya dirisha. Kasisi akachungulia kutoka chumba cha mavazi, moyo ukamtanuka. Wajinga hawa, akawaza, mara hii wamenifaa. Arkidikoni alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti kirefu kando ya madhabahu, mtu mnene, mpole, mwenye fimbo ya kutembelea na kope nzito ambazo zilikuwa zinaona kila kitu.

Mzee wa kanisa alikuwa anatayarisha meza. Kikombe kikubwa cha fedha kilikuwa tayari, na kando yake jagi la kioo la akiba.

"Nijaze kiasi gani, Mchungaji?"

"Jaza vyote. Huoni watu?"

"Watu nawaona. Watakaokuja mezani ndio sijui."

"Mzee wangu, wewe jaza. Kufikiri niachie mimi."

Mzee akajaza kikombe, akajaza jagi mpaka chupa ya mwisho ikaisha, akapanga vimkate vyote vyeupe vya duara kwenye sahani mpaka vikafanya kilima. Alifanya kazi yake kwa adabu zote. Mtu angemwona angedhani anampenda kasisi wake.

Ibada ilikwenda kama maji. Kasisi alihubiri upendo, na alihubiri vizuri mno. Alishusha sauti, alipandisha, alinyamaza pale pa kunyamaza. Arkidikoni alitikisa kichwa mara kadhaa. Ulipofika wakati wa kupeana amani, watu walishikana mikono, na wale mama wawili wa kwaya wakakumbatiana, maana walikwisha kupatana kweli, katikati ya wiki. Kasisi, kama kawaida yake, hakushuka kwenda kwao. Alimpa mkono arkidikoni peke yake, akarudi mezani. Akavibariki vyote, mkate wote, divai yote ya kikombe na ya jagi, kwa sauti iliyofika hadi kwa waliosimama dirishani.

Akala yeye kwanza, akanywa. Akampa arkidikoni, aliyekula mkate na kugusisha midomo tu kwenye kikombe. "Vidonda vya tumbo," arkidikoni akanong'ona. "Daktari kanikataza." Kisha kasisi akageukia watu, sahani mkononi, akawaalika mezani wale wote wenye toba na wenye amani na jirani zao. Kwaya ikaanza wimbo. Mzee wa kanisa akasimama kwenye safu ya kwanza, akanyoosha mkono kama siku zote, kuonyesha njia.

Safu ya kwanza haikuinuka.

Mzee akangoja kidogo, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda safu ya pili. Nayo haikuinuka. Akaenda ya tatu. Akaendelea hivyo, bila haraka, akinyoosha mkono kwa kila safu, mpaka akafika kwa bibi nyuma ya nguzo, ambaye siku hiyo alikuwa macho kabisa. Hata yule. Halafu mzee wa kanisa akarudi kwenye nafasi yake, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Kwaya ikamaliza beti zote, ikarudia ubeti wa kwanza, ikachoka, ikanyamaza.

"Meza iko tayari," kasisi akasema.

Mtu akakohoa.

"Meza ya Bwana iko tayari. Njooni."

Wakamtazama tu. Hakuna aliyenuna wala aliyezomea. Walikuwa wamekaa wametulia kama darasa linalofuata maagizo ya mwalimu, na ndivyo ilivyokuwa. Kasisi akahisi joto likimpanda kutoka kwenye kola. Akamtafuta mkewe kwenye safu ya mbele, akamkazia macho yale ya nyumbani, yenye maana ya inuka unaniaibisha. Mkewe aliyapokea macho yale, hakuyakwepa. Mikono yake ilibaki juu ya kitabu cha nyimbo. Hapo, kwa mara ya kwanza, kasisi akaogopa.

"Wana nini?" arkidikoni akauliza chinichini.

"Ni ujinga tu, Baba. Kuna mazishi fulani, kulitokea kukosea jina."

"Ukaomba radhi?"

Kasisi akalamba midomo.

"Nilikuwa napanga."

"Basi panga upesi," arkidikoni akasema, akaegemea kiti chake.

Kasisi akaishusha sahani, akapita kwenye uwazi wa reli, akashuka kwa watu. Alitembea kwa hatua za kiibada, maana alikuwa bado anadhani jambo hili linamalizika kwa hatua za kiibada. Akafika kwa mjane wa Fundi, aliyekaa pembeni mwa safu na miwani yake ya uzi. Kanisa lote likageuza shingo.

"Mama," akasema, na akahakikisha arkidikoni anasikia, "kama kuna lolote lililokukwaza siku ile ya msiba, nakuomba radhi."

"Kama kuna?"

"Basi, kwa lililotokea. Kwa habari ya mumeo, marehemu Fundi."

"Fundi ni kazi," mjane akasema. Hakupandisha sauti. "Mume wangu alikuwa na jina. Siku ile hukulitaja. Litaje leo, Baba, watu wasikie, tuinuke wote tuje mezani. Sitaki kingine."

Kasisi akafungua kinywa. Akatafuta kichwani, akakuta Fundi. Akatafuta tena, akakuta jina la muuza nyama, akalimeza lisije likamtoka. Alikuwa na kikaratasi siku ile, kwenye mfuko wa koti fulani. Hakukisoma. Wiki zote hizi, na maneno yote haya mtaani, hakuwahi kufikiria kumwuliza mtu. Akamgeukia mkewe. Mkewe akamwangalia kwa huruma, na midomo yake haikufunguka, kwa sababu kumnong'oneza majina ya watu ndiko alikokuwa akimfunika siku zote, na leo alikuwa amechoka kufunika.

"Mama," kasisi akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "nisaidie. Aliitwa nani?"

Mjane akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa chake.

"Kamuulize Mungu," akasema. "Si ulituambia anajua?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Kasisi alirudi madhabahuni akiwa amekasirika, na hasira ndiyo iliyommaliza. Angeweza kukaa chini. Angeweza kulia, watu wangemsamehe, watu wake walikuwa wepesi wa kusamehe kuliko alivyostahili. Badala yake akawaza: sawa, mnataka kunikomoa? Na kiburi chake kikamkumbusha sheria ambayo aliwafundisha watoto wa kipaimara kwa miaka yote. Kilichobarikiwa hakimwagwi, hakirudishwi chupani, hakitoki nje ya kanisa. Kinaliwa na kunywewa, pale pale, na kasisi na wale waliokuja mezani. Waliokuja mezani hawakuwepo. Akamtazama arkidikoni. Arkidikoni akajigusa tumbo, akatikisa kichwa.

Akatoa baraka za mwisho. Hakuna aliyetoka. Akawapa mgongo, akaanza kula.

Mkate ulimshinda mapema. Vilikuwa vikavu vile vimkate, vinanata kwenye kaakaa, na alivila kwa mafungu kama mtu anayetafuna karatasi, akiteremsha kwa divai. Alimaliza kikombe, akakijaza kutoka kwenye jagi. Ilikuwa divai tamu, nzito, ile inayoingia kwa upole. Kasisi hakuwa mnywaji. Aliwahi kumfukuza mtu kwenye ubatizo wa mwanawe kwa kunukia bia. Akajaza tena. Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba kila gugumio lilisikika hadi dirishani. Kwenye kikombe cha mwisho masikio yalikuwa yanamvuma, na msalaba ukutani umeanza kuyumba. Hata hivyo alikisuuza kikombe kwa maji, akayanywa maji, akapangusa kikombe, akapangusa sahani, yote kwa utaratibu, aonekane kwamba hajashindwa.

Kisha akataka kwenda zake chumba cha mavazi. Alipopita kwenye uwazi wa reli, sakafu ikainuka upande mmoja. Akaidaka reli kwa mikono miwili. Haikutikisika, Fundi aliifunga vizuri. Magoti ndiyo yaliyomsaliti, yakamshusha taratibu mpaka chini, akajikuta upande wa nje, amepiga magoti kwenye mkeka uliobonyea kwa magoti ya watu wengine, kidevu kimeegemea mbao.

Ndipo akaona. Chini kidogo ya ukingo, mahali ambapo aliyesimama haoni na aliyepiga magoti hawezi kuacha kuona, palikuwa na herufi ndogo zilizochongwa kwa patasi, safi, zimesawazishwa moja moja. Ni jina tu, lake na la baba yake. Mbao kando yake ilikuwa imeng'aa kwa vidole vya watu. Jumapili baada ya Jumapili wenye mba na wenye wigi na wenye grisi walikuwa wamelisoma jina lile, wakingoja yeye apite juu yao na sahani.

Kasisi akafumba jicho moja ili herufi zitulie. Akalisoma kimoyomoyo. Halafu akalisoma kwa sauti, na ulimi wake ulikuwa mzito, lakini jina likatoka lote.

"Nisamehe," akasema, na hakugeuka kuangalia kama arkidikoni amesikia. Arkidikoni alikwisha kuinuka, alikuwa anatafuta fimbo yake.

Nyuma yake kiti kikalia. Mjane wa Fundi alikuja polepole, akapiga magoti kando yake, akakinga viganja. Akafuata mkewe kasisi, akapiga magoti upande wa pili. Wakaja wale mama wawili wa kwaya. Mzee wa kanisa akasimama mahali pake, akanyoosha mkono, na safu ya kwanza ikainuka, na ya pili, na bibi wa nyuma ya nguzo akiwa ameshikwa mkono, mpaka watu wakajaa reli toka ukuta huu hadi ule na wengine wakajipanga nyuma yao wakingoja zamu.

Kasisi akajikokota akasimama, akaingia upande wa ndani, mahali pake. Akachukua sahani. Akachukua kikombe, akakiinamisha, akakitazama ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amevipangusa mwenyewe. Mbele yake viganja vilikuwa vimekingwa vyote, vya grisi na vya vitunguu, vinangoja, na hakuwa na cha kuweka humo.